Barua ya wazi kwa wahariri wa riwaya: jiji nalo lihaririwe

Ndugu wahariri,

Mimi ni msomaji wa riwaya za Kiswahili na mkazi wa Dar es Salaam. Ninawaandikia ninyi badala ya waandishi kwa sababu ninyi ndio wa mwisho kuushika muswada kabla haujawa kitabu. Mwandishi akichanganya ngeli mnamsahihisha. Shujaa wake akivunjika mkono wa kushoto sura ya tatu, kisha sura ya tisa akaonekana kafungwa bendeji mkono wa kulia, mnamrudishia aangalie upya. Lakini akiandika jiji ambalo halipo, lenye barabara zisizokutana na daraja ambalo lilikuwa halijajengwa, kitabu kinatoka hivyohivyo, nasi tunaokaa humu tunakifunga kabla ya kufika mwisho.

Nianze na jua. Nimesoma mara nyingi mno habari za wapenzi wawili waliokaa mchangani Coco Beach, wakilitazama jua likizama baharini. Ndugu zangu, jua halizami baharini Coco. Ufukwe ule unatazama mashariki, Bahari ya Hindi yote iko mbele yake. Asubuhi jua linachomoza kutoka majini, na jioni linakwenda kuzama nyuma ya mgongo wa huyo aliyekaa mchangani, juu ya mapaa ya Oysterbay na Kinondoni. Anayetaka kuliona likigusa maji itabidi akate rasi ya Msasani mpaka Slipway, upande wa pili unaotazama magharibi, ambako ghuba nzima inageuka rangi ya chungwa. Kwa bajaji ni mwendo mfupi tu.

Sasa tazameni kinachotokea mwandishi akilazimishwa kuchagua kati ya fukwe hizo mbili. Coco mtu anaingia bure. Anakula mihogo ya kukaanga yenye chachandu, watoto wanapiga mpira mbele yake, upepo unamrushia mchanga kwenye sahani. Slipway kuna meza za mgahawa, mhudumu anakuja na orodha ya vyakula, na mwisho wa jioni inakuja bili. Kama kijana wa kwenye riwaya ni seremala wa Keko aliyekopa nauli ili amtoe mchumba wake, basi swali la jua linazama wapi limekuwa swali la nani atalipa. Mwandishi aliyelizamisha jua Coco amekosea jiografia, ni kweli, lakini hasara yake kubwa ni kwamba ameikosa sura nzima: kijana amekaa mezani akihesabu noti mfukoni bila kuzitoa, na binti anajua kwamba anahesabu.

Hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Tunalichukulia jiji kama pazia lililotundikwa nyuma ya jukwaa, kwamba likichanika kidogo mchezo unaendelea. Sivyo. Watu wa riwaya hufanya yale tu yanayowezekana mahali walipo, kwa saa ile, kwa nauli ile, kwa njia ile. Ukilikosea jiji umewapa uwezo ambao hawakuwa nao, au umewanyang'anya shida ambayo ingewakomaza.

Swali ambalo ningependa liulizwe kila muswada unapopokelewa ni hili: hii ni Dar es Salaam ya mwaka gani? Maana jiji hili halikai lilivyo. Sensa ya 1967 ilikuta watu wasiofika laki tatu. Ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni tano na laki tatu. Barabara tunayoiita Samora leo ilikuwa Independence Avenue, kabla yake Acacia Avenue wakati wa Waingereza, na Wajerumani nao walikuwa na jina lao. Anayemtembeza mtu Samora mwaka 1962 amemtembeza kwenye barabara ambayo jina lake lilikuwa halijazaliwa. Sinza, ambayo kwenye riwaya imekuwepo tangu enzi, ilipimwa viwanja miaka ya 1970 kwa mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Miaka ya 1980 ndiyo inayoumizwa zaidi. Nimekuta familia ya Magomeni, mwaka 1982, imekaa sebuleni ikitazama taarifa ya habari kwenye televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ndiyo iliyotangulia, tena kwa miaka kama ishirini. Habari za 1982 zilitoka Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwenye nyumba isiyo na redio watu walisikilizia kibarazani kwa jirani. Miaka hiyo sukari, sabuni na unga vilipangiwa foleni. Petroli ilikuwa haba kiasi kwamba magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wenye shehena ndani wakawa wanazitupa usiku ili zisikutwe kwao. Mwandishi anayempakiza bwana mmoja na mpenzi wake kwenye gari Jumapili saa tisa mchana kwenda Kunduchi, mwaka ule, bila hofu wala kibali, ameyatupa mambo yote haya. Na angeyatumia, ile safari ya Kunduchi ingekuwa na maana mara kumi: ama huyo bwana ni mkubwa serikalini, ama anajifanya mkubwa, na askari wa barabarani ndiye atakayemjulisha binti jambo hilo.

Usafiri nao una miaka yake. Kulikuwa na mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yakiwemo Ikarus marefu yaliyoungwa katikati kwa mpira unaojikunja. Zikaja daladala miaka ya 1980. Yalikuwepo magari ya chai maharage, ambayo abiria walikaa wakitazamana. Zikaja Hiace tulizoziita vipanya, zikaja Coaster, na Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kubeba watu kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco. Kila chombo kina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua watu wawili wasiojuana watakutanaje. Kwenye chai maharage huwezi kuukwepa uso wa aliyeketi mbele yako. Mwandishi mwenye akili angemkalisha pale mdeni mbele ya mdai wake, kutoka mjini mpaka mwisho wa safari. Kwenye daladala kuna konda anayechezesha sarafu kiganjani kukukumbusha nauli bila kusema neno, anayepaza sauti kuuliza kama kuna wa kushuka, na abiria anajibu, "Shusha!" Mwendokasi ilianza bila konda. Ulikata tiketi dirishani kabla ya kuingia, ukapita getini, ukasimama umebanwa. Kwa hiyo ule ugomvi wa chenji kati ya konda na mama wa Kimara ndani ya mwendokasi, uliochukua kurasa nne kwenye kitabu kimoja nilichokinunua, haukuweza kutokea. Ungeweza kutokea dirishani, foleni ikiwa ndefu na basi limeshafungua milango. Kwa maoni yangu pale ungekuwa mkali zaidi.

Kigamboni inastahili aya yake. Daraja la Nyerere, linalotoka Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016. Kabla ya hapo mtu wa Kigamboni alikuwa na njia mbili: kivuko cha Magogoni, au kuzunguka na gari kwa Kongowe. Hapo kuna hazina ya mwandishi wa riwaya za upelelezi, nami nashangaa jinsi inavyopuuzwa. Kivuko kinakata mlango wa bandari, kwa hiyo meli kubwa ikiingia au ikitoka, kivuko kinasubiri. Unaweza kuwa umemwona mtu unayemtafuta yuko ng'ambo, unamwona kwa macho yako, na huwezi kumfikia mpaka meli ipite. Abiria wa miguu wanajazana bandani, geti likifunguliwa wanatoka mbio, wengine na baiskeli, wengine na ndoo za samaki waliowanunua kwenye soko la Feri, halafu wanajipenyeza katikati ya magari yaliyopangwa bampa kwa bampa. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Anayeogopa kutambuliwa hana pa kujificha isipokuwa ndani ya gari lililofungwa vioo, na ndani ya gari hawezi kutoka kwa sababu milango imebanwa na watu. Hata nauli inasema jambo: mwaka 2012 nauli ya mtu mzima ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200, na watu walilalamika sana, kwa sababu kwa anayevuka kwenda na kurudi kila siku ile shilingi 200 ya ziada ilikuwa sehemu ya mboga. Haya yote yanapotea mwandishi anapompitisha mpelelezi wake darajani kwa kasi mwaka 2009.

Na stendi ya Ubungo. Siku hizi mabasi ya mikoani yanatoka Mbezi, kwenye stendi iliyozinduliwa Februari 2021, na Ubungo tuliyoijua haipo tena. Kwa vijana walioingia Dar kutoka mikoani miaka ya 2000, Ubungo ndipo jiji lilipoanzia: wapiga debe wanaokunyang'anya begi kwa jina la kukusaidia, ndugu aliyeahidi kukupokea ambaye humwoni. Waandishi wanaipenda stendi ile, na wana haki. Lakini mabasi yale yalikuwa yakiondoka alfajiri, kwa sababu mabasi ya abiria yalikuwa yamezuiwa kusafiri usiku kucha, na zuio hilo lilidumu miaka mingi mpaka serikali ilipoyaruhusu tena mwaka 2023. Aliyetaka kumtoroka mume wake mwaka 2010 hakuweza kufika Ubungo saa nne usiku akapanda basi la Mwanza. Alilazimika kungoja kuche. Alale wapi? Kwa nani? Akikaa palepale stendi, nani atamwona? Usiku ule wa kungoja ndio riwaya yenyewe, na mwandishi ameuruka kwa sentensi moja ya basi ambalo halikuwepo.

Nije kwenye nyumba. Sehemu kubwa ya watu wa Dar wamekulia kwenye nyumba ya Kiswahili: kibaraza mbele, mlango wa katikati, ujia unaopasua nyumba mpaka nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisha uani penye jiko, bomba na choo cha wote. Kila chumba familia, au msela mmoja mwenye kitanda na redio. Kwenye nyumba kama hiyo siri haidumu. Anayerudi saa nane usiku anapita mbele ya milango ya wenzake, na asubuhi anakutana nao uani wakipiga foleni ya kuoga. Waandishi wetu wanampangisha dada wa Manzese chumba kimoja kwa mama mwenye nyumba, halafu ukurasa unaofuata dada huyo anampokea mgeni wa siri sebuleni, anamtoa kwa mlango wa jikoni, na hakuna jirani aliyejua. Sebule ipi? Mgeni wa chumba kimoja anakaa kitandani au kwenye stuli, pazia la mlangoni limeshushwa, na viatu vyake viko nje ujiani vikisema yuko nani ndani. Viatu vile ni ushahidi ambao mwandishi alikuwa nao mkononi bure.

Kuna pia namna tunavyoelekezana. Mtu wa Dar hamwelekezi mwenzake kwa jina la barabara na namba ya nyumba. Anasema Tandale kwa Mtogole, Mtoni kwa Aziz Ali, Mwananyamala kwa Kopa, Magomeni Mapipa, Tangi Bovu. Majina haya nayo yana umri. Sinza kwa Remmy panaitwa hivyo kwa ajili ya mwanamuziki Remmy Ongala, aliyekuja Dar kutoka Zaire mwaka 1978 na kufariki mwaka 2010. Mtu wa mwaka 1974 hawezi kushuka kwa Remmy. Na mtu wa leo, hata aliyezaliwa miaka mingi baada ya Remmy kuwika, atashuka palepale na kupaita hivyo bila kujiuliza. Jiji linavyowakumbuka watu wake ndivyo hivyo, na mwandishi anayeweka "mtaa wa 14, nyumba namba 27" ameifuta kumbukumbu hiyo.

Najua mtanijibu kwamba riwaya si ramani. Ni kweli, na sitaki iwe ramani. Kitabu kinachotaja mitaa ishirini katika kurasa mbili kinanichosha kama kile kinachoikosea, kwa sababu orodha ya mitaa haimfanyi mtu atembee. Mwandishi ana haki ya kubuni mtaa mzima, kuupa jina lake, kuujaza watu wake. Wala hatutamdai lolote. Ana haki hata ya kulihamisha jengo kwa makusudi, akijua analihamisha na msomaji akaona sababu. Nisichokikubali ni kuazima jina la Kariakoo ili upate joto na umaarufu wake, halafu usiipe Kariakoo hata ile heshima ya kuuliza ilikuwaje mwaka huo. Jengo la soko lile, alilolisanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na liliungua Julai 2021. Mfanyabiashara wa sokoni wa Julai ile ni mtu aliyepoteza mtaji usiku mmoja. Usimwandike anapanga nyanya kwa furaha wiki iliyofuata ndani ya jengo lilelile.

Wala si lazima mtu awe amezaliwa hapa, au hata awe anakaa hapa anapoandika. James Joyce aliiandika Dublin ya tarehe 16 Juni 1904 akiwa ameshahama Ireland, akamaliza kitabu akiwa Paris. Alikuwa na kitabu cha anwani za wakazi na maduka ya jiji, na mwaka 1921 alimwandikia shangazi yake aliyekuwa Dublin kumuuliza kama mtu wa kawaida angeweza kupanda uzio wa nyumba fulani ya mtaa wa Eccles na kujishusha chini bila kuumia. Alihitaji kujua kwa sababu mhusika wake alikuwa amesahau ufunguo. Karibu na kwetu, M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, akahamia Kanada, na mwaka 1991 akatoa kitabu cha hadithi chenye jina la Uhuru Street, mtaa wetu huu huu. Umbali haukuwa kisingizio kwao. Ulikuwa sababu ya kuuliza zaidi.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisinyamaze. Msomaji wa Sumbawanga, wa Lubumbashi au wa Muscat anaweza kuijua Dar es Salaam kwa riwaya tu, na vitabu vya marehemu Ben Mtobwa viliwafikishia wengi usiku wa jiji hili kabla hawajakanyaga hapa. Na hata sisi wakazi tunazidi kuvitegemea. Sinema ya magari ya Drive-In kule Msasani haipo. Mahali pake pamejengwa ubalozi wa Marekani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, zikaiacha mitaa yao. Picha zinaonyesha kuta. Jinsi watu walivyogombania bomba la maji, au harufu ya mto siku moja kabla ya mvua, vitapatikana kwenye riwaya tu, kama riwaya itakuwa imevichunga. Kitabu kilichokosea leo kitakuwa shahidi wa uongo kwa mjukuu asiye na mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo naomba, ndugu wahariri, mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mwambieni mwandishi aandike pembeni mwa kila sura mwaka, mwezi na saa, hata kama havitachapwa. Makosa mengi niliyoyataja yangejionyesha yenyewe. Mwambieni aipite njia ya mhusika wake kwa miguu au kwa daladala, saa ileile ambayo mhusika anaipita. Kama ni jiji la zamani, magazeti ya wakati huo yapo kwenye maktaba, na wazee wapo vibarazani, na wengi wao wanafurahi kuulizwa. Halafu, kabla kitabu hakijaenda kiwandani, mpeni asome mkazi mmoja wa mtaa unaotajwa. Asiwe profesa. Awe dereva wa daladala aliyestaafu, mama ntilie, karani wa mahakama ya Kisutu, yeyote anayepajua. Mlipeni kwa kazi yake kama mnavyomlipa msahihishaji wa prufu, na jina lake mliweke kwenye shukrani.

Wapo wakazi wa kutosha watakaoikubali kazi hiyo. Mimi nikiwa mmojawapo, kwa upande wa Ilala na Buguruni, niiteni wakati wowote.

Wenu,
Msomaji wa Dar es Salaam